Pima Godoro, Kagua Chaga

Kitale na Bungoma ni miji ya mahindi, na mahali palipo na mahindi mizani haikosekani. Laiti kila mnunuzi wa godoro angeitumia. Tukifika dukani tunabonyeza kwa ngumi, tunaketi ukingoni, tunasikia godoro limekaza, naye muuzaji anatuhakikishia kwamba hilo ni haidensiti. Lakini ugumu na densiti ni mambo mawili tofauti kabisa. Densiti ni uzito wa maada iliyomo katika ujazo fulani; ugumu ni nguvu inayohitajika kulididimiza godoro. Mkemia wa kiwandani akibadilisha viambato anaweza kupata povu jepesi lililo gumu, au zito lililo laini. Ugumu unausikia siku hiyo hiyo ya kununua. Densiti ndiyo inayoamua kama baada ya miaka michache utakuwa bado umelala juu ya godoro au ndani ya shimo.

Hesabu yake haina ugumu. Godoro la futi nne kwa sita lenye unene wa inchi 8 lina ujazo wa karibu mita za ujazo 0.45. Likiwa na densiti ya kilo 25 kwa mita ya ujazo, litakuwa na uzito wa kilo 11 hivi. Likipimwa likaonyesha kilo 7, densiti yake ni kama 15 tu, hata kama kitambaa chake kimeandikwa maneno makubwa kiasi gani. Hata hivyo, mizani nayo inaweza kuhadaiwa, kwa sababu wapo watengenezaji wanaochanganya unga wa kalsiamu kaboneti, yaani chokaa, ili kuongeza uzito. Fungua zipu ukaguse: povu lililojazwa unga hukatika upesi likivutwa na huacha vumbi kidoleni.

Magodoro mengi yanayosimamishwa mbele ya maduka ya miji hii miwili ni ya povu la poliuretani, kemikali ambayo Otto Bayer na wenzake waliigundua Ujerumani mwaka 1937. Godoro la mpira wa asili lina historia nyingine. Hutokana na utomvu wa mti wa mpira, mti wa Brazil ambao Mwingereza Henry Wickham alisafirisha mbegu zake hadi London mwaka 1876, kisha ukaenea Asia. Afrika Mashariki nayo ina mashamba yake: Tanzania ilipanda miti hiyo Kihuhwi, wilayani Muheza, na Kalunga, bondeni Kilombero. Mwaka 1929 watafiti wa kampuni ya Dunlop huko Birmingham walifaulu kuupiga utomvu ukatoa povu, wakaugandisha, wakaupika pamoja na salfa. Njia hiyo bado inatumika. Povu lake ni zito: mara nyingi kilo 60 hadi 90 kwa mita ya ujazo. Kwa hiyo nne kwa sita ya inchi 8 iliyo mpira mtupu huzidi kilo 27, na mtu mmoja hawezi kuigeuza kwa urahisi.

Godoro mseto linatafuta njia ya kati. Chini huwekwa springi, kila moja ndani ya kifuko chake cha kitambaa ili jirani akigeuka usitikisike, na juu hutandazwa mpira wa inchi 2 au 3. Mpira wa inchi 2 kwenye nne kwa sita una uzito wa karibu kilo 8 peke yake, kabla ya kuhesabu springi. Muulize muuzaji unene wa tabaka hilo, na kama ni wa asili au umechanganywa na mpira wa kutengenezwa kwa mafuta. Asiyejua unene wa kitu anachokiuza hajui anachokiuza.

Je, mwinuko wa mahali una maana yoyote? Una maana kubwa. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma karibu 1,400. Kwa kila kilomita moja ya kupanda, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6, kwa hiyo Kitale huizidi Bungoma kwa baridi ya nyuzi 3 hivi. Godoro la povu-kumbukumbu, lile linaloacha alama ya kiganja, limetengenezwa lilegee kwa joto la mwili. Chumba kikiwa baridi linakakamaa, na utapanda kitandani ukalikuta kama ubao mpaka lipate moto. Mpira wa asili haukakamai mpaka baridi ifike kama nyuzi 70 chini ya sifuri. Kwa mkazi wa Kitale au wa miteremko ya Mlima Elgon, hiyo ni sababu nzuri ya kuuchagua. Kwa mkazi wa Bungoma sababu ni nyingine: springi zinaacha hewa ipite, na joto halibaki mgongoni.

Wenye maumivu ya kiuno hushauriwa na jamaa na marafiki watafute godoro gumu kabisa. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Francisco Kovacs na wenzake nchini Uhispania, uliowahusisha watu wazima 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno. Baada ya siku 90, waliolalia magodoro yenye ugumu wa wastani walikuwa wamepata nafuu zaidi kuliko waliolalia magumu. Bega na nyonga zinahitaji kuzama kidogo, la sivyo kiuno kinaning'inia.

Lakini godoro zuri juu ya kitanda kibovu ni pesa iliyomwagwa, na hapa ndipo nawasihi wasomaji wasifanye haraka. Mafundi wetu wa jua kali wana ustadi wa hali ya juu katika kuchonga ubao wa kichwani. Chaga huja mwisho, kwa mabaki ya mbao, zikiachana kiasi cha kupitisha mguu. Povu la kawaida linavumilia kwa muda. Springi ya kifukoni ina kipenyo cha sentimita 6 hivi. Penye mwanya mkubwa kuliko huo inatumbukia katikati, na mpira mzito unaifuata. Kwa mbao za upana wa inchi 3, kitanda cha futi 6 kinahitaji chaga 14 ili mianya iwe sentimita 6. Unene nao una kanuni yake: ugumu wa ubao dhidi ya kupinda huongezeka kwa kipeo cha tatu cha unene. Chaga ya inchi moja hupinda chini ya nusu ya ile ya robo tatu ya inchi, na kwa sita kwa sita, mhimili wa katikati wenye tendegu lake hupunguza kupinda hadi sehemu moja ya nane. Mgrevilia au mkaratusi wa shambani unatosha, mradi mbao zimekauka. Mbichi zitajikunja zikiwa tayari zimepigwa misumari.

Usizibe mianya hiyo kwa plaiwudi. Mtu hupoteza kama glasi nzima ya maji kwa jasho na pumzi usiku mmoja. Sehemu ya unyevu huo hushuka, ukikutana na upande wa chini uliopoa hugeuka maji, na miezi ya mvua ukungu mweusi huota hapo. Godoro likilazwa juu ya sakafu ya saruji, hali ni mbaya zaidi.

Godoro la mpira lisianikwe juani jinsi tulivyozoea. Miale ya jua huuvunja mpira ukawa mkavu wa kumumunyuka. Lipunge hewa kivulini. Na kwa Bungoma, eneo la malaria, pima chandarua kabla ya kulipa. Unene wa godoro mseto la inchi 12 unaweza kuufanya upindo wa neti ushindwe kufika chini ya godoro.