Jicho la Buluu la Mbwa wa Katavi

Je, wajua kwamba katika nchi ya mbung'o ugonjwa wa mbwa mara nyingi hujionyesha jichoni? Jicho lililokuwa jeusi na lenye kung'aa wiki iliyopita sasa lina ukungu mweupe unaoelekea buluu. Mbwa anafumbafumba kope akitoka juani, na machozi yamechora mstari kwenye manyoya ya shavu. Mwenye mbwa atakuambia ametemewa na swila, au mtoto amemchapa na fimbo. Likiwa jicho moja tu na mbwa anakula vizuri, huenda ni kweli. Yakiwa yote mawili, na mbwa amesusa hata ugali wenye mchuzi, basi mkoani Katavi kuna mshukiwa wa kutajwa kabla ya wengine wote.

Ukitoka Mpanda mjini kuelekea Sumbawanga, baada ya Sitalike barabara inaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na hapo abiria huanza kufunga madirisha hata kama joto ni kali. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1974, ikapanuliwa mwaka 1998, na sasa ina kilomita za mraba 4,471. Mapori ya miombo yanayoizunguka ni makazi ya mbung'o, au ndorobo kama wengi wanavyomwita, tangu kale. Vile vitambaa vya buluu na vyeusi vinavyotundikwa porini ni mitego: rangi humvuta, dawa iliyopakwa humuua.

Dume na jike wote hunyonya damu. Jike hatagi mayai. Hubeba funza mmoja tumboni, humlisha kwa maziwa yake ya ndani, na humzaa kila baada ya siku 9 au 10 hivi. Mdudu mwenye uzazi wa polepole namna hiyo ungetegemea awe ameshakwisha. Unguja alikwisha kweli: madume waliofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi waliachiwa kutoka angani kwa ndege, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o tena. Lakini Katavi si kisiwa. Pori lake linaungana na pori la Tabora na la Kigoma, na ukimfukuza huku anarudi kwa kule.

Mbwa hukutana naye kazini. Yuko nyuma ya ng'ombe wa Wasukuma, yuko na warina asali wa Inyonga, yuko shambani akifukuza ngedere na nguruwe. Anaweza kuambukizwa nagana, yaani ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, hata bila kuumwa naye: akila nyama mbichi ya mnyama aliyekufa na vimelea vyake, vimelea hivyo hupenya kwenye vidonda vya mdomoni. Livingstone, katika kitabu chake cha mwaka 1857, alimweka mbwa pamoja na ng'ombe na farasi katika orodha ya wanyama wanaouawa na mdudu huyu. Karibu miaka 40 baadaye, huko Zululand, daktari wa jeshi David Bruce alikiona chenyewe kimelea kinachosababisha ugonjwa huo, kikaitwa Trypanosoma brucei kwa heshima yake.

Sasa, kwa nini jicho? Konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, haina mishipa ya damu. Hukaa angavu kwa sababu tabaka lake la ndani kabisa, lenye unene wa seli moja tu, linasukuma maji nje usiku na mchana. Trypanosoma brucei hakai kwenye damu peke yake. Huingia kwenye tishu, na hufika mpaka kwenye maji yaliyomo ndani ya jicho. Mwili ukipambana naye humo, jicho huvimba kwa ndani, lile tabaka jembamba hushindwa kazi, maji huingia kwenye konea nayo hupoteza uangavu. Buluu unayoiona haijapakwa na kitu chochote. Ni nuru iliyotawanyika kwenye konea iliyolowa.

Jicho huwa na wenzake. Ukiwa na mbwa mpole unayemfahamu, na ambaye hajabadilika tabia, inua mdomo wa juu utazame fizi. Za mbwa mzima ni za waridi; ukizibonyeza kwa kidole hugeuka nyeupe, kisha damu hurudi ndani ya sekunde 2. Za mbwa mwenye nagana huwa zimepauka hata kabla ya kubonyezwa, kwa sababu mwili unaziharibu chembe zake nyekundu za damu. Papasa chini ya taya, mbele ya bega na nyuma ya goti: utakuta mitoki imevimba, migumu, inateleza chini ya ngozi. Uso na miguu huweza kujaa maji; kwa dume, korodani nazo. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. La mgonjwa huyu hupanda hadi 40 na zaidi, hushuka, kisha hupanda tena. Kupanda na kushuka huko kuna sababu yake. Kimelea kimejifunika protini ambayo kinga ya mwili huitambua baada ya siku kadhaa, na kinga ikishawaua wengi, wachache waliokwisha kubadili protini hiyo huzaana upya. Kinga huanza kazi tena tangu mwanzo. Mbwa, tofauti na ng'ombe anayeweza kukonda kwa miezi, mara nyingi huzidiwa ndani ya wiki chache.

Si kila buluu ni ndorobo. Homa ya ini ya kuambukiza ya mbwa, inayoletwa na virusi vya adeno, huacha jicho la namna hiyohiyo, mara nyingi mbwa akiwa tayari anapata nafuu. Na kuna mtoto wa jicho, ambao ndio unaotuingiza kwenye magonjwa ya kurithi. Hapo ukungu hauko juu ya jicho bali ndani, katikati ya mboni, kwenye lenzi. Hauna homa, hauna machozi, fizi ni za waridi. Huja taratibu, mara nyingi macho yote mawili, na ukiuliza utasikia kwamba mama yake au ndugu wa tumbo moja naye alipofuka. Kwa maoni yangu hilo ndilo swali linalosahaulika kuliko yote mbele ya mbwa mgonjwa: ndugu zake wakoje? Ugonjwa wa kuambukiza huwafuata mbwa waliokaa pamoja. Ugonjwa wa kurithi huwafuata waliozaliwa pamoja, hata kama mmoja alipelekwa Karema na mwingine akabaki Mpanda.

Kuna watu wanaomdharau mbwa koko, lakini kwa habari ya vinasaba ana mali ambayo mbwa wa bei hana. Mwaka 2009 watafiti walichapisha uchunguzi wa mbwa wa vijijini wa Afrika, wakiwemo wa Uganda, wakakuta kwamba damu zao zimechanganyika kwa utajiri mkubwa. Magonjwa mengi ya kurithi hujitokeza pale tu mtoto anapopokea jeni lenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama pia. Kijijini, ambako jike huchagua mwenyewe, kukutana kwa kasoro mbili zinazofanana ni bahati mbaya ya nadra. Kwa mbwa wa ukoo mmoja wanaozalishwa wenyewe kwa wenyewe, inakuwa jambo la kutarajiwa.

Mfano mzuri uko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Basenji, mbwa mdogo wa kuwindia wa misitu ya Kongo, yule asiyebweka kama wengine, alipelekwa Uingereza katika miaka ya 1930. Mbwa wachache sana wakawa wazazi wa ukoo mzima wa Ulaya na Marekani. Baada ya vizazi kadhaa magonjwa mawili yakajitokeza kwa wingi. Moja ni upungufu wa damu wa kurithi, ambapo chembe nyekundu huvunjika mapema kwa kukosa kimeng'enya. La pili ni ugonjwa wa figo uitwao Fanconi: mbwa wa miaka 4 hadi 8 anaanza kunywa maji kupita kiasi, anakojoa sana, anakonda, na mkojo wake una sukari ilhali sukari ya damu ni ya kawaida. Figo zinamwaga kile zilichopaswa kukirudisha mwilini. Asiye na kipimo atazame kama sisimizi wamekusanyika pale alipokojoa. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Kimarekani walilazimika kurudi kaskazini-mashariki mwa Zaire, yaani Kongo ya leo, kutafuta damu mpya, kwa mbwa walewale wa kijijini.

Mjini Mpanda anayetamaniwa zaidi ni mbwa wa kizungu wa ulinzi, hasa jamii ya German Shepherd. Akilegea nyuma, akiruka kama sungura anapokimbia, akisitasita kupanda ngazi angali kijana, tatizo huwa kwenye nyonga: kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye kikombe chake. Ni la kurithi, ingawa unene na kulishwa kupita kiasi utotoni huliongeza. Jingine halionekani mpaka kupe wampate. Kupe wa kahawia wa mbwa hueneza bakteria aitwaye Ehrlichia, na jamii hii huugua vibaya kuliko nyingine, hadi kutokwa damu puani. Jeshi la Marekani lilijifunza hayo nchini Vietnam: kati ya mwaka 1968 na 1970 lilipoteza mbwa zaidi ya 200, wengi wao wa jamii hiyohiyo. Hapo urithi na maambukizo si vitu viwili tena. Kupe ni yuleyule, bakteria ni yuleyule, na mbwa koko wa jirani aliyezaliwa Nsimbo ana nafasi nzuri zaidi ya kuamka.

Hata dawa hutofautisha koo. Ivermectin, inayouzwa kila duka la dawa za mifugo, huweza kumpoozesha na hata kumuua mbwa wa jamii ya Collie na baadhi ya machotara, kwa sababu jeni liitwalo MDR1, linaloizuia dawa isiingie kwenye ubongo, lina upungufu kwao. Mwaka 2018 watafiti waliosoma vinasaba vya mbwa wa Nigeria walikuta upande wa pili wa habari hiyo: dalili kwamba jeni moja la kinga, ADGRE1, limechujwa na vizazi vya kuishi na vimelea vya nchi za joto.

Nimesema umpapase mbwa mpole asiyebadilika tabia, na nilikusudia. Mbwa aliyebadilika ghafla, anayedondosha mate, taya limelegea, sauti imekauka, anang'ata mawe au anajificha gizani, usimguse mdomo kabisa. Kichaa cha mbwa huweza kufanana na mfupa uliokwama kooni. Usimpime kwa kumwekea maji, kwani kuogopa maji ni dalili ya binadamu; mbwa mwenye kichaa anaweza kuingia mtoni. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kuchanjwa.

Turudi kwa ndorobo, maana ana tiba. Diminazene, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Berenil, huua vimelea vya kwenye damu, lakini kwa mbwa nafasi kati ya dozi inayoponya na inayodhuru ni finyu. Kumdunga kwa kukadiria, kwa bomba lililotoka kwa ng'ombe, kumeshaua mbwa wengi waliokuwa na uwezekano wa kupona. Apimwe uzito kwanza. Isitoshe, dawa hiyo haifiki vizuri kwenye ubongo, kwa hiyo vimelea vikishaingia huko mbwa hupata nafuu, kisha wiki kadhaa baadaye huanza kuyumba na kuzunguka. Ndiyo maana jicho linapaswa kuonwa siku za mwanzo, na damu ipelekwe kwa daktari wa mifugo itazamwe kwa hadubini.

Na wewe unayeishi pembezoni mwa pori, jua kwamba mbwa huweza kubeba aina ileile ya kimelea inayowapa watu malale. Mbwa wako akipata jicho la buluu na mitoki, na mtu wa nyumbani ana homa isiyoisha ilhali kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, mwambie daktari kwamba mmeumwa na ndorobo, na umwombe aangalie malale kwenye damu.