Mahubiri na Mrithi: Kuipima Huduma ya Robert Schuller

Huduma kubwa ya Kikristo inapoporomoka, wengi hutafuta sababu katika hesabu za fedha au katika ugomvi wa familia, na fundisho lake huachwa kando kana kwamba ni jambo la darasani tu. Kisa cha Robert Schuller wa California chaonyesha kwamba swali la nini kinahubiriwa na swali la nani ataipokea mimbari yapaswa kuulizwa pamoja.

Schuller alikuwa mchungaji wa Kanisa la Reformed la Marekani. Mwaka 1955 alianza kuhubiri karibu na Garden Grove katika uwanja wa sinema ambamo watu hutazama wakiwa ndani ya magari (Dar es Salaam nayo iliwahi kuwa na uwanja wa namna hiyo), akisimama juu ya paa la kibanda cha vitafunio. Mwaka 1970 alianzisha kipindi cha televisheni, Hour of Power, kilichotazamwa katika nchi nyingi. Mwaka 1980 likawekwa wakfu jengo lenye vioo zaidi ya 10,000, Crystal Cathedral. Tusimdharau: aliwafikia watu wengi ambao wasingekanyaga kanisani.

Theolojia yake aliieleza waziwazi katika kitabu cha mwaka 1982, Self-Esteem: The New Reformation, yaani Kujithamini: Matengenezo Mapya. Humo alidai kwamba Matengenezo ya karne ya 16 yalimweka Mungu katikati, bali kanisa la leo lianze na hitaji la mwanadamu la kujithamini. Dhambi akaieleza kuwa ni tendo au wazo lolote linalomnyang'anya mtu kujithamini huko. Hilo si badiliko la maneno tu. Katekisimo ya Heidelberg ya 1563, ambayo ni ungamo la kanisa lake mwenyewe, humwonyesha mwanadamu unyonge wake mbele ya sheria ya Mungu kabla ya kumweleza ukombozi. Sisi Walutheri twasema sheria na injili. Pale sheria isipomshitaki mtu, injili hugeuka kuwa maneno ya kutia moyo. Aliyejiona duni huinuliwa, na hilo ni jema; lakini mwenye hatia ya kweli, aliyemdhulumu ndugu yake, hana pa kuipeleka hatia yake.

Ujumbe wa namna hiyo huhitaji kielelezo. Msamaha husimama juu ya ahadi ya Kristo hata mhubiri akiwa dhaifu. Mafanikio yahitaji mtu aliyefanikiwa, naye aonekane. Kielelezo hicho alikuwa Schuller mwenyewe.

Januari 2006 alimkabidhi mwanawe, Robert A. Schuller, uchungaji. Oktoba 2008 baba huyo huyo akamwondoa mwanawe katika kipindi cha televisheni, na mwana akajiuzulu muda mfupi baadaye. Mwaka 2009 uongozi ukamwangukia binti yake, Sheila Schuller Coleman. Sadaka zilipungua, uchumi wa nchi nao ulikuwa umeyumba, na Oktoba 2010 huduma ikaomba mahakamani kinga ya mufilisi, ikiwa na deni la zaidi ya dola milioni 40. Jengo likauzwa kwa Jimbo Katoliki la Orange kwa dola milioni 57.5. Schuller alifariki mwaka 2015.

Sisemi kwamba fundisho ndilo lililoleta deni. Vioo na televisheni vina gharama zake. Wala mwana kumrithi baba si kosa: mjukuu wake, Bobby Schuller, alikichukua kipindi kile na kukiendeleza. Neno langu ni juu ya wito. Ungamo la Augsburg la 1530, katika kifungu cha 5, lafundisha kwamba Mungu ameweka huduma ya Neno na Sakramenti. Kifungu cha 14 chadai wito halali kwa yeyote anayefundisha hadharani. Huduma hutangulia mhudumu, ndiyo maana aweza kuondoka na mwingine akaitwa. Garden Grove kulikuwa na bodi, lakini mwanzilishi aliyekwisha kukabidhi mimbari aliweza kuirudia na kumwondoa aliyeipokea. Paulo aliwakemea Wakorintho waliojigawa kwa majina yake, ya Apolo na ya Kefa, ingawa hao watatu hawakuhubiri injili tofauti. Ni vigumu zaidi pale ambapo jina la mhubiri limekuwa sehemu ya ujumbe.