Kikundi Kikitaka Kubadili Desturi

Vikundi vingi vikitaka kubadilika huanza na karatasi. Huandika katiba mpya, huchagua viongozi upya, hata muhuri huchongwa. Baada ya miezi mitatu mambo ni yale yale: mwenyekiti anaongea peke yake, daftari limefungiwa kwake nyumbani. Katiba haina makosa. Desturi ndiyo haikuguswa, yale mazoea ambayo hakuna aliyeyaandika lakini kila mtu anayafuata.

Hapa Huruma tuna mfano mzuri. Kambi Moto ni kijiji cha mabanda kilichopata jina hilo kwa kuungua mara kwa mara. Muungano wa Wanavijiji, ambao watu wake walijiunga nao, ulianza 1996 kupinga watu kufukuzwa. Mazoea yake yalikuwa ya mapambano: mikutano, maandamano, korti. Tingatinga likija hayo yanafaa sana. Kujenga nyumba, kumbe, kunataka mazoea mengine.

Basi wakaanza akiba ya kila siku, hata shilingi chache. Mkusanyaji hupita mlangoni na kuandika mbele ya mwenye pesa. Wengi hudhani faida yake ni zile pesa. Sisi tunaotembelea vikundi tunaona zaidi: mkusanyaji anajua nani mgonjwa na nani amekosa kibarua, na mwanachama anajua chake kiko wapi.

Mwaka 2001 wakahesabiwa, mlango kwa mlango, wenye mabanda na wapangaji. Hapo ndipo palipouma. Mwenye mabanda kadhaa alikula kodi yake. Mpangaji aliogopa, maana mtaa ukitengenezwa yeye ndiye hutolewa kwanza. Walizungumza sana, tena kwa ukali. Mwishowe wakakubaliana: kila familia sehemu moja, zote sawa, awe mwenye banda au mpangaji. Mwaka 2003 wakaelewana rasmi na Halmashauri ya Jiji la Nairobi, ujenzi ukaanza. Sehemu ni ndogo, mita 4.5 kwa 4.5, lakini nyumba hupandishwa ghorofa kadiri mtu anavyoweza.

Sasa tuseme chama chenu kinataka michango ipitie kwa simu. Msianze na wanaopiga makofi. Muulizeni atakayepoteza kitu: mweka hazina aliyezoea kushika pesa, au yule mama asiye na simu. Wape nafasi waseme mpaka wamalize. Kisha chagueni zoea moja tu, kama kusoma daftari kwa sauti kila mkutano, hata siku ambayo zimeingia shilingi hamsini. Mkifika miezi mitatu bila kuruka, ndipo mguse katiba.