Una Vitz ya zamani? Jua injini yako kabla hujaenda kutafuta spea

Vitz za kwanza zilitoka mwaka 1999 na toleo hilo likakoma 2005. Kwa hiyo hata ile changa kabisa ina miaka kama 20, na bado ziko barabarani Dar, Mwanza na Nairobi kwa sababu moja: hazili mafuta. Kinachowatesa wenye nazo sasa ni spea.

Wengi wanaziita zote "Vitz old model", lakini ndani si gari moja. Fungua boneti usome kibati. Ikiandikwa SCP10, injini ni 1SZ ya cc 1000. Ikiandikwa NCP10, ni 2NZ ya cc 1300. Hiyo 2NZ ilifungwa pia kwenye IST, Platz na Probox za cc 1300, na ni ndugu wa 1NZ iliyojaa mitaani, kwa hiyo vifaa vyake havisumbui sana. 1SZ ina ndugu wachache, mmojawapo Platz ya cc 1000. Kama bado hujanunua na bei zinakaribiana, mimi ningechukua ya cc 1300 hata kama inakula mafuta kidogo zaidi.

Mwenye Duet ana kazi kubwa zaidi. Nembo ni Toyota, lakini gari ni la Daihatsu, na ile ya cc 1000 ina silinda 3. Ukifika dukani ukasema "Toyota" tu, unaweza kurudi na kifaa kisichoingia.

Ajabu ni kwamba kinachoadimika mapema ni vitu vya nje kuliko injini: taa, bampa, vitasa vya milango. Breki pedi na filta zinachakaa kwa kila mtu, kwa hiyo viwanda vingi vinaendelea kuzitengeneza. Taa inatafutwa ikivunjika tu, na mara nyingi utapata used, iliyotoka kwenye gari lililokatwa Japani. Huko nako Vitz za 1999 nyingi zilishakatwa zamani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo zilizomo ndizo hizo hizo. Halafu mwishoni mwa 2001 sura ya mbele ilibadilishwa, taa na bampa zikawa za umbo jingine. Bampa likipasuka, tafuta kwanza fundi wa kuchomelea plastiki.

Injini nayo inauawa na joto. Vitz hizi nyingi hazina mshale wa joto, kuna taa nyekundu tu. Ikiwaka, simama na uzime hapo hapo, maana ukilazimisha kufika nyumbani silinda hedi inapinda. Weka coolant, maji ya bomba yanaleta kutu kwenye rejeta.

Na fundi akikuambia timing belt ya Vitz yako imefika muda, muulize ameiona wapi. 1SZ na 2NZ zote zinatumia cheni, na cheni hiyo inalainishwa na oili ya injini. Ukichelewesha kumwaga oili, ndiyo inayoanza kulia.

Starter au alternator ikifa usikimbilie kununua nyingine, mara nyingi ni brashi au bearing tu. Kibati kipige picha kwa simu, na kifaa kibovu kibebe mkononi. Ukifika Kariakoo au Kirinyaga Road, onyesha hivyo viwili kabla hujauliza bei.