Gharama ya kumwambia mtu "soma hiki"

Januari 2020, Maktaba ya Umma ya New York, ikiadhimisha miaka 125, ilitangaza vitabu 10 vilivyoazimwa zaidi katika historia yake. Kilichoongoza ni cha watoto: The Snowy Day cha Ezra Jack Keats, kilichotoka 1962. Kilikuwa kimeazimwa mara 485,583. Gawa kwa miaka 58 unapata zaidi ya mara 8,300 kwa mwaka, yaani karibu mara 23 kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Nje ya hivyo kumi kilitajwa kitabu kimoja zaidi, kwa heshima tu: Goodnight Moon cha Margaret Wise Brown. Kilichapishwa 1947, lakini maktaba hiyo haikukiweka kwenye rafu zake mpaka 1972. Anne Carroll Moore, mkutubi aliyeongoza huduma za watoto pale kuanzia 1906, hakukipenda. Ajabu ni kwamba alikuwa ameshastaafu tangu 1941, miaka sita kabla kitabu hakijatoka, na bado neno lake lilikuwa amri. Tukadirie kwamba kingeazimwa kwa nusu tu ya kasi ya The Snowy Day: miaka ile 25 inafanya zaidi ya mara 100,000 ambazo kitabu hicho kingekwenda nyumbani kwa watu na hakikwenda.

Hiyo ni bei ya "hapana" ya mkutubi. "Ndiyo" yake nayo ina bei, na hiyo ndiyo inayowaumiza vichwa wenye maktaba leo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mkutubi anakisifia kitabu kipya, sifa zinasambaa, watu 170 wanaandikisha majina. Muda wa kuazima ni wiki tatu. Mwaka una vipindi 17 vya namna hiyo, basi nakala moja inahudumia watu 17, tena kama hakuna anayechelewesha. Kwa nakala moja, mtoto wa darasa la kwanza aliyeshika mkia wa foleni atakipokea akiwa kidato cha tatu.

Ndiyo maana maktaba nyingi hujiwekea kiwango cha kununua nakala kufuatana na urefu wa foleni. Tuseme ni nakala moja kwa kila watu watano. Hapo zinahitajika 34, na kwa dola 30 kila moja bili ni dola 1,020, sawa na dola 6 kwa msomaji. Mtu wa mwisho bado anasubiri wiki 12. Zikifika wiki 15 foleni imekwisha, wasomaji wamehamia kwenye jina jingine, na maktaba imebaki na nakala 34 za kitabu kimoja ambazo zinataka nafasi kwenye rafu.

Kitabu cha kidijitali hakichaniki wala hakimwagikiwi chai, kwa hiyo mtu angetarajia unafuu. Wachapishaji wamehakikisha haupo. Mwaka 2011 HarperCollins ilianza kuweka kikomo: nakala ya kidijitali ikiazimwa mara 26, imekufa, inunuliwe nyingine. Macmillan kwa upande wake iliuza leseni ya miaka miwili kwa takriban dola 60. Siku 730 ukizigawa kwa 21 zinatoa wasomaji 34, ambayo ni dola 1.76 kwa kila mmoja, si mbaya. Ila hesabu hiyo inakuja sawa pale tu ambapo kitabu hakipumziki hata siku moja kwa miaka miwili. Foleni ya watu 170 haidumu hivyo. Leseni 34 zitagharimu dola 2,040, mara mbili ya karatasi, na miaka miwili ikiisha rafu ni tupu.

Tarehe 1 Novemba 2019 Macmillan ilikwenda mbali zaidi. Kwa kila kitabu kipya, mfumo mzima wa maktaba uliruhusiwa nakala moja tu ya kidijitali katika wiki nane za kwanza. Siku 56 zinatosha wasomaji wawili kumaliza muda wao, na wa tatu yuko njiani. Maktaba ya Umma ya New York peke yake ilikuwa na vituo 92. Baadhi ya mifumo ya maktaba ilisusia, na Machi 2020 kampuni ikaiondoa sera hiyo. Kwenye stendi zetu mpiga debe hulipwa kwa kila gari analojaza. Hapa mpiga debe, yaani maktaba, alikuwa anatozwa.

Maana wachapishaji wanajua fika nani anawapigia debe. Tangu 2013 wakutubi wa Marekani, kupitia mpango wa LibraryReads, hupendekeza kila mwezi vitabu 10 vinavyokaribia kutoka. Ni majina 120 kwa mwaka. Hupelekewa nakala za mapema ili wasome na wapige kura. Mwandishi mchanga anaweza kuinuliwa na kura hizo, na hilo ni jema. Lakini orodha ya vitabu vipya ni mashine ya kutengeneza foleni, maana majina yanaanza kuandikwa kabla kitabu chenyewe hakijafika.

Je, mkutubi anaweza kupendekeza nini kingine? Akisoma kitabu kimoja kila wiki, kwa mwaka ni 52, na kwa utumishi wa miaka 30 ni 1,560. Katika maktaba ya vitabu 50,000 hiyo ni asilimia 3. Ufundi wake basi uko katika kuuliza: ulikipenda kipi mara ya mwisho, na ulikipendea nini? Nancy Pearl, mkutubi wa Seattle, alijulikana kwa kanuni ya kurasa 50: zikifika hizo na kitabu hakijakushika, kiache; ukivuka umri wa miaka 50, toa umri wako kwenye 100, na kinachobaki ndizo kurasa unazodaiwa. Ni kanuni ya kumpa raha msomaji, ila inapunguza foleni vilevile. Anayekirudisha siku ya tatu amempunguzia anayemfuata siku 18.

Na kuna mahali ushauri hutolewa kabla msomaji hajaonekana. Garissa nchini Kenya, vitabu vilianza kubebwa na ngamia mwaka 1996, na anayejaza sanduku huchagua kipi kiende na kipi kibaki.

Turudi kwa watu 170. Si wote watakubali kitabu kingine. Wengi wanakitaka kilekile kwa sababu kinazungumzwa. Tuseme 50 wanakubali kukaa na mkutubi dakika 10 kila mmoja na kuondoka na kitabu kilichokuwa kimelala kwenye rafu. Foleni inashuka hadi 120, nakala za kununua hadi 24, na dola 300 zinaokolewa. Saa za kazi ni 8 na dakika 20. Kwa dola 30 kwa saa, ni dola 250. Faida ni dola 50 tu, kiasi ambacho mhasibu hatashtuka nacho, na watu 50 ambao hawakusubiri hata siku moja.