Jua la Amorsolo na jasho la wakulima wa mpunga

WAKULIMA wameinama katika majaruba, wakipandikiza miche ya mpunga. Nguo zao zinang'aa, kofia zao pana zimepokea miale ya jua, na nyuma yao Mayon, volkano yenye umbo la pia iliyopinduliwa, inafuka moshi mwepesi kana kwamba nayo imestarehe. Mchoro huo wa mwaka 1949 ni wa Fernando Amorsolo, msanii aliyewapa Wafilipino taswira ya kijiji ambayo wengi wanaikumbuka hata kama hawakuzaliwa kijijini.

Amorsolo alizaliwa Manila mwaka 1892, akalelewa Daet, kusini-mashariki mwa kisiwa cha Luzon. Babake alipofariki, familia ilihamia Manila kwa jamaa yao Fabián de la Rosa, ambaye pia alikuwa mchoraji. Alihitimu Chuo Kikuu cha Ufilipino mwaka 1914, kisha tajiri Enrique Zóbel akamgharimia masomo mjini Madrid, Uhispania.

Siri ya michoro yake ni mahali alipoliweka jua. Wachoraji wengi huuacha mwanga umwangukie mtu usoni au ubavuni. Amorsolo alipenda kumsimamisha mtu baina ya mtazamaji na jua, akiwa amelipa kisogo. Hapo nywele, bega na ukingo wa kofia huwaka mithili ya uzi wa dhahabu, ilhali uso hubaki kivulini. Wala si kivuli cheusi. Kina joto, kimeazima rangi ya nyasi na maji yaliyo karibu. Msomaji anaweza kulishuhudia jambo hili jioni yoyote, akimtazama mtu anayemjia huku jua la machweo likiwa nyuma yake.

Hata hivyo, mwanga huo umezua ubishi. Wengi wa wakulima wa mpunga wa Luzon hawakumiliki ardhi waliyoilima. Sehemu kubwa ya mavuno ilimwendea mwenye shamba, nao wakabaki na madeni. Mnamo Mei 1935 wakulima wa kundi la Sakdal waliasi. Mwaka huohuo wa 1949, wapiganaji wa Huk walikuwa vitani katika maeneo ya kati ya kisiwa hicho. Hayo yote hayaonekani katika majaruba ya Amorsolo. Mwenzake Victorio Edades alikuwa amekwisha kuchukua njia nyingine mwaka 1928, alipoonyesha mchoro wa wajenzi waliochoka, kwa rangi za udongo na vumbi.

Lawama hiyo ina uzito, na nadhani imo ndani ya ufundi wenyewe: uso ndio unaotunza uchovu, na uso ndio Amorsolo aliouweka kivulini.

Lakini si haki kudai kwamba hakuyajua machungu. Wakati Wajapani walipoitawala nchi yake, kuanzia 1942 hadi 1945, alichora Manila ikiteketea, magofu yake na wanawake wakiomboleza. Aliyerejea kwenye mpunga na jua mwaka 1949 alikuwa mtu aliyeuona mji wake ukigeuka majivu. Pengine ndiyo sababu Mayon, mlima uliokwisha kuangamiza vijiji, katika mchoro wake unatoa moshi tu.

Amorsolo alifariki Aprili 1972. Siku chache baadaye alitangazwa Msanii wa Taifa, wa kwanza kupewa heshima hiyo nchini Ufilipino.