Dawa ya Kutu ni Kutu

Mji wa Embu umekaa katika miteremko ya Mlima Kenya, na mvua huufikia mara mbili kwa mwaka, ya masika tangu Machi na ya vuli tangu Oktoba. Mvua hiyo ni neema kwa kahawa na mahindi, lakini kwa chuma ni msiba. Katika mtaa wa Dallas, panga lililosahauliwa nje hupata madoa mekundu upesi. Seuze bunduki ya marisau iliyolala kabatini miaka mingi bila kupakwa mafuta.

Mwenye bunduki kama hiyo huona mitutu imepoteza ule weusi wake wenye samawati, akatamani kuisugua kwa msasa. Hapo ndipo madhara huanza. Msasa hula chuma, na mtutu uliopungua unene waweza kupasuka mikononi mwa mpigaji. Tena waweza kufuta namba ya bunduki, ambayo lazima ilingane na ya cheti, pamoja na mihuri ya majaribio, kama ile ya Birmingham, penye nyumba ya kujaribia mitutu tangu 1813.

Yafaa ijulikane kwamba weusi ule haukupakwa kama rangi ya mlango. Ni kutu yenyewe iliyogeuzwa. Fundi huondoa kutu kuukuu taratibu, akaziba mitutu kwa vizibo vya mti, akaiosha hata isibaki alama ya mafuta ya kidole. Kisha huipaka dawa ya kutia kutu, nyembamba sana, akaiacha penye unyevu kwa saa kadhaa mpaka itande kutu laini nyekundu. Baadaye huichemsha katika maji safi, na humo wekundu hugeuka weusi: kutu iliyokula chuma sasa ni ngozi ya kukilinda. Huipangusa kwa brashi ya nyuzi laini za chuma, akaanza tena, pengine mara sita au zaidi. Mwisho huipaka mafuta.

Iko njia ya haraka, ya kutumbukiza chuma katika maji ya soda kali yachemkayo. Lakini bunduki ya mitutu miwili iliyounganishwa kwa lehemu ya risasi na bati haifai kutiwa humo, maana soda hiyo huila lehemu.

Tena uzuri si nguvu. Mitutu mingi ya karne ya 19 iliyosokotwa kwa tepe za chuma ilifanywa kwa baruti nyeusi. Hata ikipambwa, isipigiwe risasi za siku hizi kabla ya kukaguliwa na mjuzi.

Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, humtaka mwenye bunduki awe na cheti, na atengenezaye silaha kwa biashara awe ameandikishwa. Kwa hiyo fundi wa jua kali asiyeandikishwa, hata awe hodari namna gani, hana ruhusa ya kazi hiyo. Naye aliyerithi bunduki bila cheti hana budi kuanzia kituo cha polisi.

Yaliyobaki yamo mikononi mwa mkulima. Weusi wa panga jipya litokalo kwa mhunzi ni ndugu wa weusi wa mtutu, na wote huhitaji kitambaa chenye mafuta kidogo kila chuma kinapolowa. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Na dawa ya kutu ni kutu. Lakini kutu ya fundi huja kwa subira, na kutu ya uvivu huja yenyewe.